Picha ya ua inaanzia ukutani, sio bustanini

Watu wanaopenda maua simu zao nazijua hata kabla sijazishika. Kuna bogenvilia ya getini, kuna waridi la meza kuu kwenye harusi ya binamu, kuna alizeti za Singida zilizopigwa kupitia dirisha la basi, na zote zimelala humo humo, zikitoka sana zinaenda status na kesho yake zimefutika, au zinaandikwa "Asubuhi njema, Mungu akutangulie" zinarushwa kwenye grupu la familia, ambayo nayo ni matumizi sikatai. Lakini mtu akija kwangu akasema hii nataka iwe ukutani sebuleni, hapo ndo kazi inaanza, na mara nyingi inaanza vibaya maana picha imeshapigwa na ukuta hakuna aliyeufikiria.

Mimi niko Tanga, nafanya kazi mbili chini ya bati moja, napiga picha na natengeneza fremu, kwa hiyo nakutana na ua likiwa bado liko shambani na nakutana nalo tena likiwa karatasi. Na ninachowaambia watu ni kwamba kama unataka ua likae nyumbani kwako, kaangalie ukuta kwanza ndo ushike kamera. Sio kwamba huwezi kupiga bila kujua litakaa wapi, piga tu, ila lile la ukutani lina masharti yake na masharti yenyewe yanabadilisha hata namna unavyochuchumaa mbele ya ua.

Kaa pale unapokaaga kila siku, kwenye kiti chako, alafu mwambie mtoto avute futi kamba mpaka ukutani. Picha inasomeka vizuri ukiwa mbali nayo kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wake wa kona kwa kona. A4 kona kwa kona ni kama sentimita 36, yani inataka mtu asimame sentimita 55 mpaka 70 hivi, sasa wewe umeitundika ukuta wa mbele na sofa liko mita 3 huko, utaona kitu kama stempu. A2, ile ya sentimita 42 kwa 59, ndo angalau mgeni akikaa anaelewa anaangalia nini. Na hapa ndo watu hawapaoni: umbali huo unakwambia upige vipi. Ukuta wa mbali unataka ua moja, umbo la wazi, nyuma pametulia, mfano haibiskasi lililofunguka lote au langilangi na zile petali zake ndefu zinazoning'inia. Ukuta wa karibu, kwenye korido, pembeni ya meza ya kulia, karibu na kioo unapochania nywele, pale ndo weka picha ndogo yenye mambo mengi madogo madogo, chavua, vinyweleo, umande, maana mtu atapita pua yake iko hapo hapo. Ukichukua picha ya chavua ukaipeleka ukuta wa mbali inakuwa rangi tu, na ua kubwa la umbo moja ukiliweka kwenye korido ya upana wa mita moja linakuwa zito, linakusukuma.

Alafu jua. Kuna bibi mmoja alikuja na picha ya asumini kwenye kisahani, imepigwa vizuri tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka hii picha iwe kubwa, ijae ukuta."

"Sawa bibi. Ukuta wenyewe dirisha lake liko upande gani?"

"Wewe unanunua nyumba au unatengeneza fremu?"

Tulicheka, ila dirisha lilikuwa linaangalia magharibi na ukuta aliokusudia unapigwa na jua kuanzia saa tisa mchana mpaka linazama. Picha yoyote hapo inapauka, ni suala la muda tu, miale ya jua inavunja rangi taratibu, na kioo cha kawaida cha dirishani kinapunguza tu, hakizuii yote. Tukahamia ukuta wa pembeni, mdogo zaidi, picha ikawa ndogo zaidi na bibi akaridhika. Kwa hiyo kabla hujachagua pa kuweka, pita hapo asubuhi, pita saa sita, pita saa kumi. Kama jua linagusa ukuta moja kwa moja muda wowote, hapo weka saa ya ukutani au kalenda, picha peleka pengine.

Taa nazo usizisahau maana usiku ndo wengi mko nyumbani. Zile balbu nyeupe kali zinazoelekea ubluu, ukisoma boksi lake utakuta imeandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zinafanya waridi jekundu lionekane limechoka na la njano linakuwa la kijani kijani. Balbu ya 3000K au 2700K inarudisha joto la rangi. Ni balbu moja tu unabadilisha, hela kidogo kuliko kuprinti upya.

Rangi ya ukuta ndo ya mwisho kwa upande huu. Nyumba nyingi huku zimepakwa rangi ya mafuta chini mpaka usawa wa kiuno na juu rangi ya krimu au ya maziwa. Ua la njano lenye nyuma nyeupe kwenye ukuta wa krimu linapotea kabisa, linataka nyuma ya kijani kilichokolea au nyeusi. Ua jeupe hivyo hivyo. Na ule mstari wa rangi mbili usikate fremu katikati, fremu yote ikae juu yake, itaonekana kana kwamba ukuta ulipakwa kwa ajili yake.

Haya, tutoke nje sasa.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na kwetu jua linapanda wima haraka, halichezi chezi pembeni kama nchi za mbali na Ikweta ambako mwanga laini wa jioni unakaa masaa. Hapa ukiamka saa kumi na mbili una kama saa moja na nusu ya mwanga mzuri, saa tatu imefika na petali zinang'aa kwa juu na chini kuna vivuli vyeusi vya makaa. Watu wanasoma mafunzo ya wazungu yanawaambia subiri saa la dhahabu, ule mwanga wa njano laini jua likiwa chini kabisa, kwetu hilo saa la dhahabu ni dakika chache. Mimi silifukuzii. Nafanya kivuli changu mwenyewe. Chandarua cheupe kikunjwe mara mbili tatu, watu wawili wakishike juu ya ua, mwanga unakuwa laini hata saa sita mchana. Alafu sinia la aluminiamu, lile la kulia pilau, liweke chini upande wa giza lirudishe mwanga kwenye tumbo la ua. Hivyo tu. Na angalia umevaa nini, ukiwa na fulana nyekundu na umeinama sentimita 20 kutoka kwenye ua jeupe, wekundu wa fulana utauona kwenye petali alafu unalaumu simu.

Flashi ya simu zima. Moja kwa moja, zima, sina maelezo zaidi.

Upepo ndo adui wa pili, na mtu wa pwani anaujua. Asubuhi mapema bahari imetulia, ikifika saa nne upepo wa baharini unaingia na kila shina linacheza, na miezi ya kusi ndo usiseme. Chomeka kijiti ardhini pembeni ya shina, bana shina na kijiti kwa kibanio cha nguo, chini ambapo kamera haioni. Kama unatumia kamera yenye kuchagua spidi, usishuke chini ya 1/250, yani sehemu moja ya 250 ya sekunde, kwa ua lililo hai nje penye upepo. Ukiwa ndani ya nyumba na ua limekatwa liko kwenye glasi, hapo weka stendi na spidi hata iwe ya polepole kiasi gani haina shida.

Fokasi sasa, na hapa nitakaa kidogo. Ukisogea karibu sana na kitu, ile sehemu inayoonekana kali inakuwa nyembamba mno, kuliko watu wanavyodhani. Kwa kamera kubwa na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi na apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ya f/8, unapata kama milimita moja tu iliyo kali. Milimita moja! Haibiskasi ile nguzo yake ya katikati peke yake ni ndefu mara nyingi ya hapo. Kwa hiyo lazima uchague, na mimi huwa nachagua ncha ya stameni, kile kijiti kinachobeba chavua, iliyo karibu na mimi, maana jicho la mtu linaanzia kwenye kilicho karibu, kikiwa na ukungu basi picha nzima inaonekana imekosewa. Au unageuka ubavuni ili ua lilale sambamba na kamera, milimita yako moja iguse vitu vingi zaidi. Simu zina lenzi ndogo kwa hiyo zenyewe zinapata kina zaidi, yani sehemu kali inakuwa nene, ila zina tatizo lingine, ukisogea karibu sana zinakataa kushika fokasi, au zile mpya zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana ambayo mara nyingi ubora wake uko chini. Dawa yake rudi nyuma kidogo, vuta kwa zumu ya mara mbili, alafu gusa skrini pale unapopataka pawe pakali. Usipogusa simu itachagua jani la nyuma, sijui kwa nini zinapenda majani.

Rangi nyekundu inawasumbua watu mpaka wanafikiri simu mbovu. Unapiga haibiskasi jekundu au maua ya mkrismasi ule mti wa Desemba, unakuta petali imekuwa doa moja jekundu, mishipa yote imepotea. Sababu ni hivi: kamera ndani yake kila kitundu cha kupokea mwanga kimewekewa chujio la rangi moja, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo bluu. Ua jekundu linajaza vile vitundu vyekundu mpaka vinafurika huku vya kijani na bluu havijapata kitu, kamera ikipiga wastani inaona mwanga uko sawa tu, kumbe upande mwekundu umeshaharibika. Kwa hiyo kwa ua jekundu, na la njano kali pia, gusa skrini alafu lile jua dogo linalotokea, la kupunguza mwanga, lishushe chini mpaka uone mishipa imerudi, picha itaonekana nyeusi nyeusi kidogo na hiyo ni sawa, utainua baadae. Kilichofurika hakirudi.

Ua jeupe ni kinyume, kamera inaogopa weupe inaufanya wa kijivu, kwa hiyo pandisha kidogo, ila usizidishe. Na asumini msiipige mchana, jamani. Asumini inachumwa jioni ikiwa bado imefumba na inafunguka usiku, ndo maana wanaotunga vikuba wanazitaka zikiwa vichwa. Mchana unakuta zilizofunguka jana, kingo zimeshakuwa za kahawia na kwenye picha kubwa ile kahawia inaonekana kweli kweli. Chuma saa kumi na moja, weka kwenye kisahani chenye kitambaa chenye maji, subiri baada ya Magharibi, piga ndani kwa taa moja ya pembeni, nyuma weka kanga iliyokolea. Bei yake bure na ni picha itakayokaa ukutani miaka.

Zambarau ndo mtihani mwenyewe, na mtihani huo sisi watu wa Tanga tuko nao nyumbani. Kule juu Amani, ukipanda kutoka Muheza, kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito kuna kile kiua kidogo wazungu wanakiita violeti ya Afrika. Kimetoka hapa kwetu milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, ndo alikipeleka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover akakiandika kisayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo kiko kwenye madirisha ya dunia nzima kwenye vikopo na wengi wanaokimwagilia hawajui Muheza iko wapi.

Kukipiga kwenye mwamba wake kunahitaji subira. Msitu umefunga, mwanga ni mdogo, na huo mwanga mdogo wenyewe umepita kwenye majani kwa hiyo una ukijani, petali ya zambarau inatoka kama imepakwa majivu. Naweka stendi chini kabisa, miguu imefunguliwa mpaka kamera iko sentimita chache juu ya ardhi, apecha f/8, spidi inakwenda hata robo sekunde na naachilia kwa taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Karatasi nyeupe naiweka mbele ya ua napiga kwanza hiyo, ndo nitakayotumia kusahihisha rangi baadae. Kwenye kioo cha kamera ukikuza unaona jani limejaa vinyweleo vyeupe vilivyosimama, kila kimoja peke yake, na katikati ya petali vile vifuko viwili vya chavua vya njano vimeshikana, njano kali kwenye zambarau. Hapo usiongeze kitu. Ila simu nyingi zitakugeuzia zambarau kuwa bluu, na mjakaranda ni hivyo hivyo, rangi hizo ziko ukingoni mwa kile kamera inachokiona. Na printa nayo ikipokea inaongeza ubluu wake. Kwa ua la zambarau usikubali kuprinti kubwa kabla hujaona kipande cha majaribio.

Na tafadhali ukienda Amani kile kiua usiking'oe ukaenda kukipiga nyumbani. Ni hifadhi, na aina nyingi za jamii yake ziko porini sehemu chache tu, nyingine mwamba mmoja wawili ndo kwao. Za kwenye kopo zipo zinauzwa.

Kuna wanaoniuliza kama lazima waende Kitulo. Kitulo ni pazuri, ile hifadhi ya Nyanda za Juu Kusini watu wa kule wanaiita Bustani ya Mungu, orkidi za ardhini tu ziko aina 45, na msimu ni Desemba mpaka Aprili, nenda ukijaliwa na ubebe sweta. Lakini sio lazima. Imogen Cunningham, mpiga picha wa Marekani, picha zake za maua zinazojulikana zaidi alizipiga miaka ya 1920 kwenye bustani ya kwake Oakland, California, kwa sababu alikuwa na watoto watatu wa kiume wadogo na alikuwa hawezi kutoka. Ua la magnolia, karibu kabisa, nyeusi na nyeupe, basi. Kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo na bogenvilia moja ukutani usiniambie huna cha kupiga. Na bogenvilia yenyewe ile rangi unayoipenda ni majani tu, ua halisi ni kale kadude keupe kadogo katikati, kakague siku moja uone.

Umbo la picha liangalie ungali unapiga. Simu inapiga 4 kwa 3, kamera nyingi 3 kwa 2, na karatasi za A ni 1 kwa 1.41, kwa hiyo kitu lazima kikatwe, kutoka simu kwenda A3 unapoteza kama asilimia 6 ya ule upande mfupi. Sio kingi ila kama petali imegusa ukingo ndo imekwenda. Na kama unawaza kanvasi, kile kitambaa cha kuprintia kinachokunjwa pembeni, inakula sentimita 4 au 5 kila upande. Acha nafasi. Rudi hatua moja, utakata baadae.

Kuediti nasema kidogo tu, nyoosha, kata, rudisha weupe kwa ile karatasi, inua giza kidogo. Kile kitufe cha kuongeza rangi ukikigusa kiguse kwa aibu. Kwenye skrini inayowaka rangi iliyozidi inavutia, kwenye karatasi inakuwa rangi ya pipi.

Kuprinti. Kwanza faili, msinitumie picha WhatsApp kama picha, inaminywa. Tuma kama dokumenti, au njoo na simu yenyewe. Simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli kama 4000 kwa 3000, hiyo kwa A3 ni zaidi ya pikseli 240 kwa inchi, inatosha kabisa, na kwa A2 unapata 170 hivi ambayo kwa mtu aliyekaa mita moja na nusu hawezi kuona tofauti. Kwa hiyo wanaosema simu haiwezi kutoa picha ya ukutani wanakuogopesha bure, kinachoharibu ni zumu ya kuvuta sana na picha ya kurushiwa rushiwa.

Karatasi inayong'aa inauzwa sana maana dukani inapendeza, ila kwenye sebule yenye dirisha na TV utaona dirisha na TV. Kwa maua mimi nachagua mati, ile isiyong'aa, au ile ya katikati yenye chembe chembe. Petali zina ulaini, karatasi isiyong'aa inaubeba. Uliza pia wino, kuna wino wa maji wa kawaida na kuna wa pigmenti, wa pigmenti unakaa zaidi kabla ya kupauka na unavumilia unyevu vizuri zaidi. Duka likikwambia "wino ni wino" tafuta duka lingine. Na kabla ya kubwa, printi ndogo ya sentimita 10 kwa 15, ibandike kwa selotepu pale pale itakapokaa, ishi nayo siku kadhaa, uione asubuhi na uione usiku kwenye balbu yako.

Fremu za pwani ni kazi nyingine na za bara, nitasema ukweli. Unyevu na chumvi. Picha ikigusana na kioo, masika moja tu inanata, ukijaribu kuitoa inatoka na rangi. Lazima kati yake kuwe na nafasi, ndo kazi ya lile kadibodi lenye dirisha linalozunguka picha, sio urembo peke yake. Kadibodi liwe lisilo na asidi, manila ya kawaida inageuka njano na njano inahamia kwenye picha. Nyuma weka hadibodi, funga kwa tepu ya karatasi pande zote wadudu wanaokula karatasi wasiingie. Fremu ya MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, inavimba, mimi natumia mtiki, Muheza tuna msitu wa mtiki wa Longuza hapo kwa hiyo mbao haitoki mbali, inavumilia unyevu na mchwa hawaikimbilii. Alafu kona mbili za chini nyuma ya fremu gundisha vipande vya ndala kuukuu, unene wa nusu sentimita tu, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Bila hivyo ukungu unaanzia nyuma kimya kimya na utauona umeshafika mbele.

Kutundika, watu wanatundika juu mno, karibu na dari kana kwamba wanaogopa itaibiwa. Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni. Juu ya sofa ni hesabu nyingine, ukingo wa chini wa fremu uwe sentimita 15 mpaka 20 juu ya mgongo wa sofa, na upana wa picha zote kwa pamoja uwe kama theluthi mbili ya sofa. Sofa la mita 2 linataka kama sentimita 130 au 140, ambayo inatoka vizuri kwa A3 tatu za wima zenye kadibodi, zikiachana sentimita 5. Tatu za ua moja likiwa limefumba, limefunguka nusu, limefunguka lote, huwa nawashauri watu hiyo na sijaona aliyejuta. Zikate karatasi za gazeti saizi ya fremu, zibandike kwanza uone, ndo utoboe. Ukuta wa tofali la saruji tumia skrubu na plagi ya plastiki, msumari wa zege unaoshika vizuri upo lakini pwani unapata kutu na kutu inashuka ukutani mstari wa kahawia.

Kioo kikichafuka usipulizie dawa moja kwa moja, maji yanashuka yanaingia chini ya ukingo wa fremu mpaka kwenye kadibodi. Pulizia kwenye kitambaa, futa. Na masika yakiisha zishushe zote mara moja, geuza nyuma, angalia tepu kama imeachia na pangusa ukuta kwa kitambaa kikavu kabla hujazirudisha. Wanaotaka kuleta fremu za zamani zilizoota ukungu leteni tu nitazifungua, ila msizifungue wenyewe kwanza kama picha imenata kwenye kioo. Ikifika hivyo njia salama ni kuipiga picha au kuiskani hapo hapo ikiwa bado ndani ya kioo, tuprinti nyingine.